Betri ya Risasi, ya Lithiamu au ya Sodiamu: Ipi Uifunge kwenye Sola ya Nyumbani?

Ukiingia duka la vifaa vya sola leo utawekewa betri mbili mbele yako. Moja ni ya risasi na asidi, nzito, ya kubebwa na watu wawili. Nyingine mtu mmoja anainyanyua bila shida, imeandikwa LiFePO4 ubavuni, na bei yake mara nyingi ni mara mbili ya ile ya kwanza au zaidi. Ya tatu, ya sodiamu, bado ni adimu madukani kwetu, lakini viwanda vya China vimeshaanza kuitoa na wauzaji wa mtandaoni wanaipigia debe kama "betri ya chumvi". Hapa tunazipima zote tatu kwa kazi moja tu: kuhifadhi umeme nyumbani na kwenye biashara ndogo. Pikipiki na magari ya umeme yana hesabu yake nyingine.

Asiye na muda achukue jibu hili. Kama betri itajazwa na kutumiwa kila siku, nunua lithiamu ya aina ya LFP, ndiyo ile iliyoandikwa LiFePO4. Kama itakaa pembeni ikisubiri umeme ukatike mara mbili tatu kwa mwezi, na mfuko umebana, ya risasi bado inafaa. Ya sodiamu iache kwa sasa, isipokuwa una inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa vyombo vya nyumbani) inayoielewa. Mwenye muda asome sababu, maana betri ikikosewa haisamehe.

Anza na mzigo

Watu wengi huuliza "betri ya Ah ngapi?" kabla ya kujua watatumia nini. Ah, yaani ampea-saa, peke yake haisemi kitu mpaka uizidishe kwa volti. Zikizidishwa unapata wati-saa, na hizo ndizo zinazowasha taa.

Chukua nyumba yenye taa tano za wati 7 zinazowaka saa tano, TV ya wati 40 kwa saa tano, ruta ya intaneti ya wati 10 isiyozimwa, na friji ndogo inayokula wati-saa 600 kwa siku nzima. Simu huchajiwa mchana, jua likiwepo. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, saa 14 ambazo paneli hazikupi kitu cha maana, hesabu inakuwa hivi: taa 175, TV 200, ruta 140, friji 350. Jumla ni wati-saa 865. Inveta nayo hula chake, takriban asilimia 10, kwa hiyo betri itatoa kama 960 kila usiku.

Betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Unahitaji basi yenye wati-saa 1,920, yaani 160Ah kwa volti 12, na dukani utaondoka na ya 200Ah. LFP unatumia asilimia 80 yake bila wasiwasi, hivyo 1,200 zinatosha, na betri moja ya 100Ah ya volti 12.8 ina 1,280. Ndiyo sababu kulinganisha 100Ah ya risasi na 100Ah ya lithiamu kwa bei ya kibandiko ni kulinganisha gunia na nusu gunia.

Sasa weka maisha yake. Betri ya risasi ya kawaida, iwe ya maji au kavu, ikishushwa nusu kila siku inatoa mizunguko ya kujaza na kutoa kama 500. Hiyo ni mwaka mmoja na miezi minne. Zile ndefu zenye pleti za mirija hufika 1,200 hadi 1,500, nazo ni bora kwa mbali, ila bei na uzito hupanda. LFP yenye seli nzuri inatoa 3,000 bila kujitahidi, zaidi ya miaka minane ya kila siku.

Ukizidisha: risasi ya 200Ah itakupa wati-saa 1,200 mara 500, yaani uniti 600 za umeme maisha yake yote. LFP ya 100Ah itakupa 1,024 mara 3,000, yaani uniti 3,072. Gawanya bei ya dukani kwako kwa namba hizo mbili. Hata LFP ikiwa mara tatu ya bei ya risasi, kila uniti inatoka kwa bei ya chini.

Hesabu hiyo hugeuka kama hutumii betri kila siku. Duka la mjini linalotaka taa na mashine ya risiti zisizimike umeme wa TANESCO au KPLC ukikatika litatumia mizunguko 40 au 50 kwa mwaka. Hapo betri haifi kwa kazi, inakufa kwa umri, na LFP ya mizunguko 3,000 ni mali iliyolala. Risasi kavu yenye chaja nzuri, sehemu isiyo na joto, itakaa miaka mitatu hadi mitano ikisubiri.

| | Risasi-asidi | LFP | Sodiamu |
|---|---|---|---|
| Volti ya seli moja | 2.1 | 3.2 | 3.0 hadi 3.1 |
| Uzito wa 100Ah, 12V | kg 27–30 | kg 10–13 | kati ya hizo mbili, karibu na LFP |
| Kiasi cha kutumia | 50% | 80–90% | kubwa, kama inveta inaruhusu |
| Umeme unaorudi katika kila 100 uliotia | 80–85 | 95 na zaidi | pungufu kidogo ya LFP |
| Kuachwa nusu chaji | inaumia | haijali | haijali |
| Kushushwa hadi volti sifuri | inakufa | inakufa | seli nyingi hustahimili |

Risasi: adui yake si mzigo, ni chaji isiyokamilika

Betri hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na bado inauzwa, na kitu hakikai sokoni muda wote huo kwa bahati. Inatoa mkondo mkubwa ghafla, kila fundi wa mtaani anaifahamu, na chakavu chake kina mnunuzi. Kinachowachosha watu ni kwamba inadai nidhamu ambayo sola ya nyumbani ni vigumu kuitimiza.

Inapotoa umeme, pleti zake huvikwa salfeti ya risasi, tabaka laini jeupe. Ukiichaji mapema na kikamilifu, tabaka hilo huyeyuka na kurudi lilikotoka. Ukiiacha nusu leo, kesho na keshokutwa, hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziwezi tena. Tatizo ni kwamba asilimia 20 za mwisho hujazwa polepole mno: kidhibiti cha chaji hushikilia volti 14.4 na mkondo unapungua wenyewe, saa tatu, nne, hata zaidi. Wakati wa masika saa hizo hazipatikani. Jua linachomoza saa 4, wingu linafunga saa 8, usiku familia inatoa tena. Betri nyingi za risasi huuawa na masika, hata kama wenyewe wanakuja kugundua kiangazi.

Kipimo cha kujua hali yake ni rahisi. Iache saa mbili tatu bila mzigo wala chaji, kisha pima: volti 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.1 hivi iko nusu, chini ya 11.9 umeshaanza kuila. Kwa betri ya maji, haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi, ni ya kweli zaidi. Seli iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280. Seli tano zikisoma 1.260 na moja ikasoma 1.180, usijidanganye na kuongeza asidi: seli hiyo imeharibika au imekwama, na zenzake zitaifuata.

Maji yanayopungua ni maji, asidi haiondoki. Ongeza maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke, si ya bomba wala ya kisima, na hasa si ya visima vya pwani vyenye chumvi. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu kiwango hupanda wakati wa chaji; ukijaza betri ikiwa tupu, asidi itamwagika juu na kula vichwa vyake. Ikiwa pleti zimetokeza nje tu, zifunike kwanza kidogo, chaji, ndipo umalizie.

Joto ni jambo linalosahaulika sana kwetu. Maisha yaliyoandikwa kwenye karatasi yalipimwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye bati bila dari hufika 35 bila kuombwa. Kidhibiti kinachopima joto la betri kwa waya wake na kushusha volti ya chaji kinasaidia. Kununua kidhibiti kisicho na kihisi hicho kwa betri ya risasi ya pwani ni kosa.

Kuna pia suala la kasi ya kutoa. 100Ah zilizoandikwa ni za kutolewa polepole, ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta ampea 50 mfululizo, kwa pasi au pampu, haitakupa saa mbili. Itakupa saa moja na robo hivi. Angalia pia kama kibandiko kinasema C20 au C100. Ile ya C100 imepimwa kwa kutolewa saa 100, na Ah zake huonekana nyingi kuliko utakavyozipata usiku mmoja.

Betri ya gari usiifunge kwenye sola hata ukipewa bure. Pleti zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kuzungusha stata kwa sekunde chache. Ukizishusha nusu mara kadhaa kadhaa zinabanduka na kuanguka chini ya boksi.

Betri ya maji hutoa haidrojeni inapojaa, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inalipuka kwa cheche moja. Isikae chini ya kitanda wala jikoni. Ikishakufa, usimpe mtu anayeivunja kwa nyundo uani na kuyeyusha pleti kwenye sufuria. Risasi huingia kwenye udongo, kwenye vidole vya watoto, na huharibu ubongo wao bila dalili ya haraka. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu na wakapimwa wakiwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Irudishe dukani unaponunua mpya. Wauzaji wengi huipokea na kukupunguzia bei.

Lithiamu: jina moja, betri tofauti

"Betri ya lithiamu" ni jina la ukoo. Ya simu na ya magari mengi ina kobalti, au kobalti pamoja na nikeli. Ina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na ikipata moto huuzalishia oksijeni yenyewe. LFP ni lithiamu, chuma na fosfati. Ilielezwa na timu ya John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1996 na 1997, na Goodenough mwenyewe alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu kwa jumla. Fosfati huishikilia oksijeni kwa nguvu, kwa hiyo LFP ni ngumu sana kuwaka. Haimaanishi haiwezi: ikichajiwa kupita kiasi au ikitobolewa hutoa gesi zinazoshika moto. Nyumbani nunua LFP tu, na kama muuzaji hajui kutofautisha, tafuta muuzaji mwingine.

LFP haina kobalti hata gramu, na hilo lina uzito wake kwa wenzetu wa Kolwezi na Lubumbashi. Congo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na kila LFP inayochukua nafasi ya betri ya kobalti inapunguza uhitaji huo. Kwa upande wa pili, mwamba wa Manono, katika mkoa wa Tanganyika huko huko Congo, ni hazina kubwa ya lithiamu. Mabadiliko ya kemia ndani ya boksi hili yanahamisha riziki kutoka mgodi mmoja hadi mwingine.

Ndani ya betri ya volti 12 kuna seli nne, na kibao cha elektroniki ambacho mafundi wanakiita BMS. Kazi yake ni kukata umeme seli yoyote ikizidi volti 3.65, ikishuka chini ya 2.5, joto likipita kiasi au mkondo ukizidi. Hitilafu nyingi zinazosingiziwa betri ni BMS ikifanya kazi yake baada ya fundi kukosea. Makosa ni yale yale.

La kwanza ni kuacha kidhibiti kwenye "betri ya maji". Kidhibiti hicho kina zoezi la kusawazisha linalopandisha volti hadi 15 na ushee kila baada ya wiki kadhaa. BMS ya LFP itakata ghafla, paneli zikiwa bado zinasukuma, na volti inayoruka hapo inaweza kuunguza kidhibiti chenyewe au inveta. Kwa LFP ya volti 12 weka chaji 14.2 hadi 14.4, ya kushikilia 13.5, usawazishaji uzimwe, na fidia ya joto iwe sifuri. Kwa sababu hiyo hiyo, unapofunga unganisha betri kwanza ndipo paneli. Unapofungua, paneli ndizo zitoke kwanza.

La pili ni fyuzi. LFP ikigusana vichwa hutoa maelfu ya ampea papo hapo, na fyuzi ya kawaida ya gari inaweza kuyeyuka huku cheche ikiendelea kupita hewani. Inatakiwa fyuzi ya umeme wa DC yenye uwezo wa kukata mkondo mkubwa, aina ya T ikipatikana, sentimita 20 au pungufu kutoka kichwa chanya. Inveta ya wati 1,000 kwa volti 12 huvuta ampea kama 93. Waya wa milimita 6 za mraba aliokuwa nao fundi garini utapata moto. Kwa mita moja na nusu weka wa milimita 25 au 35, na fyuzi ya 125A.

La tatu, kuunganisha LFP mpya sambamba na risasi ya zamani "zisaidiane". Hazisaidiani. Volti zao hazilingani, moja inabeba mzigo wote na nyingine inachajiwa vibaya. Hata LFP mbili zinazofanana zijazwe kila moja peke yake hadi mwisho kabla ya kuziunganisha, vinginevyo iliyojaa itaimwagia tupu mkondo ambao BMS haitauvumilia.

Na volti haikuambii umebakiza nini. Risasi ikisoma 12.1 unajua, LFP husoma 13.2 ikiwa na asilimia 70, na 13.1 ikiwa na 40. Kwa hiyo taa za kijani za inveta ya zamani ni mapambo tu. Nunua kipima chaji chenye shanti, kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, au betri ambayo BMS yake inasomeka kwenye simu. Ukiwa na programu hiyo, tazama volti za seli nne moja moja. Betri ikiwa katikati ya chaji, tofauti ya 0.02 au 0.03 ni ya kawaida. Ikifika 0.1, kuna seli dhaifu, irudishe kabla dhamana haijaisha. Tofauti ndogo huonekana karibu na kujaa na hurekebishwa hapo hapo, kwa hiyo ijaze kabisa angalau mara moja kila wiki mbili.

Uongo wa Ah ndio ugonjwa mkubwa wa soko hili. Maboksi mengine yana seli zilizokwisha kutumika kwenye magari, zimevikwa plastiki mpya ya buluu. Mizani ndiyo ya kwanza kusema ukweli: seli halisi ya 100Ah ina uzito wa karibu kilo 2, ziko nne, kwa hiyo betri nzima yenye kilo 7 haiwezi kuwa 100Ah hata ikiandikwa kwa dhahabu. Kisha ipime nyumbani wiki ya kwanza. Ijaze, ifunge mzigo wa DC unaovuta ampea 10, hakikisha kwa mita ya kubana, na uhesabu saa hadi BMS ikate. Kumi, au tisa na nusu, ni nzuri. Sita, umeuziwa 60Ah.

Kuhusu mizunguko 6,000 inayoandikwa kwenye matangazo, soma maandishi madogo. Imepimwa maabara kwa nyuzi 25, kwa mkondo mdogo, na mwisho wake ni pale uwezo unapobaki asilimia 80 au 70. LFP nayo huzeeka kwa joto, polepole kuliko risasi, na huzeeka zaidi ikiwekwa imejaa kabisa miezi mitatu bila kazi. Ukisafiri, iache nusu na uizime.

Sodiamu: magadi yanapoingia kwenye betri

Sodiamu ndiyo iliyomo kwenye magadi yale yale ya kulainishia maharage. Ziwa Magadi, Kenya, limechimbwa kibiashara kwa zaidi ya karne moja, na alama ya Na ambayo wanakemia huipa sodiamu imetokana na neno natron, ambalo pia ni jina la ziwa la jirani upande wa Tanzania. Malighafi basi si ya kutafuta kwa tochi. Lakini Ziwa Natron ni mazalia makuu ya heroe wadogo duniani, na wanaoota kulichimba kwa sababu ya betri wajue kwamba magadi yapo pia kwingine, na kwamba chumvi si sehemu ghali ya betri hii.

Gharama iko kwingine. Grafiti inayopokea lithiamu haipokei sodiamu vizuri, hivyo upande hasi hutengenezwa kwa kaboni ngumu, na moja ya malighafi zake ni vifuu vya nazi. Kwa faida, sodiamu haichanganyiki na aluminiamu, kwa hiyo karatasi ya shaba inayotumika kwenye LFP inabadilishwa na ya aluminiamu pande zote mbili, nyepesi na nafuu. Hilo pia ndilo linaloiruhusu kushushwa hadi volti sifuri na kusafirishwa ikiwa tupu.

Kampuni ya betri ya CATL ya China ilitangaza kizazi chake cha kwanza cha sodiamu Julai 2021, wati-saa 160 kwa kilo, na Aprili 2025 ikatangaza Naxtra, wati-saa 175. Mei 2024 kituo cha kuhifadhi umeme cha sodiamu chenye megawati-saa 10 kiliwashwa Guangxi, na kingine cha megawati-saa 100 kikafuata Hubei mwaka huo huo. Kwa hiyo teknolojia si ndoto. Kilichoikwamisha ni bei ya mshindani wake. Novemba 2022 tani ya kaboneti ya lithiamu, malighafi ya betri za lithiamu, China ilikuwa karibu yuani 600,000, na sodiamu ilionekana mkombozi. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeanguka hadi karibu 100,000. LFP ikashuka bei, na kampuni kadhaa za sodiamu zikabaki hazina wateja. Natron Energy ya Marekani ilifunga shughuli Septemba 2025. Mpaka sasa kwa kila wati-saa LFP bado ndiyo ya bei nafuu.

Kwa mnunuzi wa nyumbani, kikwazo halisi ni volti. Seli ya sodiamu huanza karibu 3.95 ikijaa na kuteremka hadi 1.5 ikiisha. Nne kwa mfululizo zinakwenda kutoka karibu 15.8 hadi 6. Inveta ya volti 12 hukata ikifika 10.5 au hapo karibu, na kidhibiti kilichowekwa 14.4 hakiijazi. Unapoteza juu, unapoteza chini, na Ah ulizolipia zinabaki ndani ya boksi. Faida moja inatokana na mteremko huo huo: volti inakuambia umebakiza nini, tofauti na LFP.

Sifa yake kubwa inayotangazwa, kufanya kazi kwenye baridi ya chini ya sifuri, ni ya watu wa Ulaya na Canada. LFP haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, kweli, lakini hata Makete na Njombe kwenye sakitu ya Juni, ndani ya nyumba hapafiki huko. Jamaa aliyeko Minnesota au Norway anayefunga sola bandani ana sababu nzuri ya kuitaka. Aliyeko Tanga hana. Na muuzaji akisema haiwaki moto kabisa, usimwamini: inategemea kemia ya upande chanya, na baadhi ya aina hupata joto la hatari zikichajiwa vibaya.

Ukitaka mlango ubaki wazi

Bei ya lithiamu ikipanda tena kama 2022, sodiamu itarudi kwa kasi, na betri utakayoinunua baada ya hii inaweza kuwa hiyo. Betri hubadilishwa, inveta inakaa. Kwa hiyo leo tumia umakini zaidi kwenye inveta kuliko watu wanavyofanya.

Chagua ambayo volti zake unaziandika mwenyewe. Kwenye inveta nyingi za mseto zinazouzwa kwetu, mpangilio namba 05 ni aina ya betri: AGM (risasi kavu), FLD (ya maji), au USE (unaweka mwenyewe). Ukiweka USE, namba 26 inafunguka kwa volti ya kujaza, 27 ya kushikilia, na 29 ya kukata. Kwa LFP ya seli 16, ile ya volti 51.2, weka 56.8, 54.0 na 48.0. Isiyo na USE, iache dukani.

Halafu soma kwenye kitabu chake namba 29 inaruhusu kushuka hadi wapi. Nyingi za volti 48 huishia 40 au 42, na kwa sodiamu ya seli 16 hiyo ni kama volti 2.5 kwa seli, bado kuna chaji chini yake. Muuzaji wa sodiamu akikuletea betri siku moja, muulize maswali mawili: ina seli ngapi kwa mfululizo, na kati ya volti ya kujaza na ya kukata ya inveta yako itatoa wati-saa ngapi. Akijibu kwa Ah, mwombe karatasi ya seli yenye mchoro wa volti, chora mistari miwili kwenye volti za inveta yako, na uhesabu mwenyewe kilichobaki katikati.